Madoa ya Bi Wanu

Mara ya kwanza Asmahani alipoanguka, watu walisema ni kazi nyingi. Mwaka ule wa 1988 vitambaa vilikuwa vimerudi madukani Tanga baada ya miaka ya rafu tupu, na kila mwanamke wa Ngamiani aliyekuwa akizungusha magauni mawili tangu wakati wa vita vya Uganda alitaka jipya kabla ya Idi. Asmahani alikuwa fundi cherehani wa barabara ya kumi na tatu. Alikaa barazani kwake tangu asubuhi, miguu ikikanyaga, mgongo umeinama. Siku hiyo aliinuka ampimie mteja kiuno, macho yakaingia giza, akaenda chini na futi yake shingoni.

Mara ya pili hapakuwa na kazi ya kusingizia. Alikuwa anaswali adhuhuri chumbani. Mdogo wake Nasra, aliyekuwa nyuma yake akingoja mkeka, alimwona akiinuka kutoka sijida, akapepesuka kama mtu aliyesukumwa bega, akaanguka ubavu. Alipozinduka midomo yake ilikuwa ya majivu na alihema kama aliyekimbizwa.

"Nimesahau rakaa ya ngapi," ndilo neno lake la kwanza.

Nasra alikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa shule ya msingi Nguvumali. Alikuwa ameachika bila mtoto, akahamia kwa dada yake na shemeji yake Idarusi, karani wa bandarini, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti. Siku ile hakumwambia dada yake alichokumbuka. Alikumbuka Kigombe, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yao Bi Wanu akiinuka kutoka kwenye beseni la kufulia, nguo moja mkononi inachuruzika maji. Mama alianguka, hakuzinduka.

Zahanati ya mtaani ilimpa Asmahani sindano za malaria. Mwezi uliofuata wakamwambia ni pumu, wakampa vidonge vilivyomtetemesha mikono asiweze kutunga uzi. Akawa anakonda. Jioni alipata homa ndogo isiyo na mbu wala baridi. Shangazi yao, Bi Mwanaima, alikuja kutoka Kigombe na kikapu cha samaki wakavu, akamtazama mgonjwa kwa muda mrefu, kisha akamvuta Nasra uani.

"Ndivyo alivyokuwa mama yenu," alisema. "Ndivyo hivyo hivyo. Mwezi mzima kabla. Sisi tukasema ana pepo la kwao Pemba, tukamsomea, basi. Nyie msikae. Mpelekeni hospitali kubwa, na kisomo tutasoma huku huku."

Idarusi alimpakia mkewe nyuma ya baiskeli, akaikokota mpaka hospitali ya mkoa kwa sababu aliogopa kuipanda asije akamwangusha. Nasra alitembea upande wa pili ameshika mgongo wa dada yake.

Daktari aliyewapokea alikuwa Mbondei wa Muheza, Dokta Eliudi, kijana bado, mwenye shati lililofifia kola. Alimsikiliza Asmahani kifua akiwa amekaa. Akamwambia alale. Akasikiliza tena. Akamwambia ageukie kushoto, kisha akae tena, kisha ainame mbele. Akarudia yote tangu mwanzo. Nasra alimtazama usoni na kuona jambo lililomwogofya kuliko neno lolote: daktari alikuwa ameacha kupepesa macho.

"Nini?" Nasra aliuliza.

"Ngoja kidogo." Akasikiliza mara ya tatu, kisha akavua mipira masikioni. "Akilala nasikia moyo wa kawaida, au karibu na kawaida. Akikaa kuna kitu kinagota. Kama mlango mwepesi unaosukumwa na upepo. Kitu hiki nimekisoma kitabuni tu, sijapata kukisikia kwa mtu."

"Ni kitu gani?" Idarusi aliuliza.

"Nadhani ni uvimbe. Ndani ya moyo wenyewe, upande wa kushoto. Mara nyingi si saratani. Unaning'inia ukutani kama bilimbi kwenye kikonyo chake, na mgonjwa akiinuka unaangukia pale damu inapopita, unaziba. Ndiyo maana anaanguka."

"Una dawa?"

"Hauna kidonge. Ni kufungua na kuutoa."

"Kufungua wapi?"

Dokta Eliudi akaweka kiganja katikati ya kifua chake mwenyewe. Idarusi akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa bila kuambiwa.

Mashine ya kupiga picha ya moyo haikuwepo Tanga. Nasra alimsindikiza dada yake Dar es Salaam, wakalala kwa binamu siku tisa wakingoja zamu, na picha ikaonyesha kile ambacho Dokta Eliudi alikuwa amekisikia kwa sikio: kivuli cha ukubwa wa yai la kuku, kikiingia na kutoka kwenye mlango wa moyo kwa kila pigo. Hakuna aliyekuwa akiufungua moyo namna hiyo nchini. Ingebidi India, kwa gharama ya serikali, na faili lingepita kwenye bodi ya madaktari, kisha wizarani, kisha lingengoja fedha za kigeni.

"Muda gani?" Nasra alimuuliza Dokta Eliudi waliporudi.

"Sijui. Wengine miezi mitatu. Wengine mwaka."

"Na huo uvimbe unangoja?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Ni laini sana, mwalimu. Hofu yangu si kuziba tu. Kipande kinaweza kukatika kikaenda na damu. Kikienda mguuni ni mguu. Kikienda kichwani..."

Basi wakaanza kungoja, na nyumba nzima ikawa inaishi kwa masikio. Asmahani alikatazwa kuinama, kunyanyua kitu, kupanda ngazi. Aliswali amekaa kwenye kiti. Cherehani ilifunikwa kanga. Chumba cha Nasra kilikuwa kimepakana na chao kwa ukuta wa udongo, na kila alipoamka alinyamaza kwanza asikie dada yake akipumua upande wa pili kabla hajathubutu kuteremsha mguu kitandani. Shuleni, mtoto yeyote aliyetokea mlangoni na ujumbe kutoka kwa mwalimu mkuu alimfanya aangushe chaki.

Kilichoogopwa kilikuja mwezi wa tatu wa kungoja, asubuhi, wakati wa chai. Asmahani aliinua kikombe kwa mkono wa kulia, nacho kikateleza kwenye vidole kama kilichopakwa mafuta. Akakitazama pale sakafuni. Akataka kusema, midomo ikaenda upande mmoja, na sauti iliyotoka haikuwa neno. Idarusi alipiga yowe. Nasra hakuwahi kumsikia akipiga yowe kabla ya hapo.

Mkono ulirudi baada ya siku mbili, na maneno baada ya nne, ila herufi ya "r" haikurudi vizuri tena. Dokta Eliudi alisema kilichokatika kilikuwa chembe tu. Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kurasa tatu, akapanda basi mwenyewe kwenda Dar es Salaam kuipeleka. Wiki tano baadaye tiketi mbili zilitoka, ya mgonjwa na ya msindikizaji. Idarusi ndiye aliyesema Nasra aende.

"Mimi Kiingereza changu ni cha makontena," alisema. "Na mgonjwa ni mwanamke, atataka mwanamke wa kumshika."

Aliposema hivyo alikuwa anageuza geuza kofia yake mikononi, na Nasra alijua ni kiasi gani maneno yale yalimgharimu.

Hospitali ilikuwa Madras, kusini mwa India, jengo la ghorofa sita lenye harufu ya dawa na maua ya asumini. Mpasuaji aliitwa Dokta Raghavan, mzee mfupi mwenye mikono midogo kama ya mwanamke. Aliwakalisha siku ya kabla ya upasuaji akaeleza, na Nasra akatafsiri kipande kwa kipande. Mfupa wa kifua utakatwa. Damu itapitishwa kwenye mashine. Moyo utasimamishwa, utafunguliwa, uvimbe utatolewa pamoja na kipande cha ukuta ulikoota ili usirudi, kisha moyo utashonwa na kuamshwa.

Asmahani alisikiliza mpaka mwisho. "Muulize," akasema. "Moyo ukisimama, mimi nitakuwa wapi?"

Nasra akauliza. Dokta Raghavan akatabasamu. "Mwambie mashine itamshikia kazi yake kwa dakika arobaini. Halafu tutamrudishia."

"Sikuuliza kazi," Asmahani alisema. "Nimeuliza mimi."

Hilo Nasra hakulitafsiri. Alimshika mkono dada yake, na Asmahani akajijibu mwenyewe, taratibu: "Basi nitakuwa kwa Mungu. Akitaka atanirudisha."

Walimchukua saa moja asubuhi. Nasra alikaa kwenye benchi mbele ya milango miwili iliyopakwa rangi ya kijani. Alianza kusoma Yasini, akakosea aya ambayo anaijua tangu chuo cha Kurani, akaanza upya, akakosea pale pale. Saa nne muuguzi alitoka mbio, akarudi na chupa mbili za damu amezikumbatia, hakumtazama mtu. Nasra alisimama. Akakaa. Mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa anamngoja mumewe, alimsogelea wakakaa bega kwa bega. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Kila milango ilipotikisika wote wawili waliacha kupumua. Dakika arobaini zilikuwa zimepita zamani. Nasra alihesabu upya tangu saa aliyodhani wameanza, akajiambia labda walichelewa, akahesabu tena.

Saa sita na robo Dokta Raghavan alitoka, kofia ya kitambaa bado kichwani, mkononi ana kichupa.

"Moyo umeamka wenyewe," alisema. "Hatukuhitaji hata kuushtua."

Nasra alilia mpaka akashindwa kumshukuru. Alipofuta macho akaona kilichokuwa ndani ya kichupa: kitu cha rangi ya maziwa yaliyochanganyika na damu, kinameremeta, kinatikisika kila mkono ukitikisika, kama nyama ya dafu changa iliyokwanguliwa. Kitu laini namna ile ndicho kilichokuwa kimemwangusha dada yake kwenye mkeka wa swala.

Lakini mzee hakuwa anaangalia kichupa. Alikuwa anamtazama Nasra mdomoni.

"Hayo madoa," akasema. "Dada yako pia anayo. Kwenye midomo, na pembeni mwa macho."

Nasra akajigusa. Ni madoa madogo meusi, kama mtu aliyerushiwa wino. "Ni ya kuzaliwa. Mama yetu alikuwa nayo. Watu walisema ni urembo."

"Mama yupo?"

"Alifariki."

"Kwa nini?"

Nasra alianza kueleza habari ya beseni la kufulia, na katikati ya maneno akaelewa anachoulizwa.

"Ziko koo chache sana," Dokta Raghavan alisema, "ambazo uvimbe huu unatembea ndani yake, na wanatambulika kwa madoa kama hayo. Ningependa nawe upigwe picha."

"Mimi nimekuja kusindikiza."

"Najua."

"Siumwi mahali."

"Najua hilo pia. Ni robo saa tu."

Alikataa siku tatu. Siku ya nne, Asmahani alipoweza kukaa na kunywa uji, Nasra alishuka ghorofa ya pili bila kumwambia mtu, akalala kitandani, na mama mmoja mwenye miwani akampaka ute wa baridi kifuani. Chumba kilikuwa na giza, na kioo cha mashine kikamwangaza yule mama usoni. Mama akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaacha kubonyeza. Nasra hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekwisha kuuona uso wa namna ile, Tanga, kwa Dokta Eliudi.

Uvimbe wake ulikuwa mdogo, kama punje ya kunde mbichi. Dokta Raghavan alitaka autoe kabla hawajaondoka, lakini serikali ilikuwa imemlipia mtu mmoja na viza zao zilikuwa zinakwisha, tena Asmahani hakuweza hata kujifunga kanga bila kusaidiwa. Nani angemrudisha nyumbani?

"Nitarudi," Nasra alisema.

Mzee alikasirika waziwazi. Aliandika ripoti akaikunja ndani ya bahasha, akamwambia: miezi, siyo miaka.

Walirudi Tanga mwezi wa sita wa 1989. Ngamiani walipokelewa kwa vigelegele, na wanawake waliingia wawili wawili chumbani kuliona kovu. Bi Mwanaima alikuja na mbuzi. Idarusi alicheka na kila mtu na hakuondoka karibu na mkewe, akimgusa bega kila anapopita kama anayehakikisha hajaondoka tena. Nasra aliitazama furaha ile na bahasha iko chini ya godoro lake, akasema moyoni: siyo leo. Wiki ikapita. Siyo wiki hii. Kisha ikawa ni vigumu kusema kwa sababu alikuwa hajasema.

Mtu pekee aliyejua ni Dokta Eliudi. Aliisoma ripoti amesimama dirishani, akamsikiliza kifua, hakusikia kitu. "Ni mdogo bado. Nitaanza faili leo. Lakini watu wa familia moja mara mbili, mwalimu, wataniuliza maswali."

"Usimwambie dada yangu."

"Mimi siwezi kumwambia mtu. Ila wewe unaweza."

Nasra alijua sasa kwamba kungoja kwa ajili ya mwingine na kungoja kwa ajili yako ni vitu viwili. Alipokuwa anamngojea Asmahani aliweza kukimbia, kubeba, kuuliza maofisini. Sasa alibaki kujisikiliza. Watoto wakiandika insha, yeye aliweka vidole viwili kwenye mshipa wa shingo, akahesabu. Aliacha kufuta ubao wa juu. Kila alipoinuka kutoka sijida alishika ukuta kwanza, akangoja giza lije, halikuja, akamalizia swala na jasho mgongoni. Akiumwa kichwa aliwaza ni chembe iliyokatika. Akifa ganzi mguu kwa kuukalia, alikaa akiuminya huku anataja majina ya wanafunzi wake mmoja mmoja ili asikie kama ulimi bado ni wake.

Asmahani, kwa upande wake, alikuwa amerudi na nguvu za ajabu. Alishona. Alifagia uwanja. Kila Nasra aliposhika ndoo ya maji, dada yake alimpokonya.

"Lete. Yule mzee kasema nifanye mazoezi."

"Hakusema ndoo, dada."

"Kasema mazoezi, mimi ndiyo namjua."

Nasra alicheka, na akaona uchungu kwamba amepona mmoja tu.

Mwaka ukageuka. Faili liliondoka, likarudi kwa kukosa saini, likaondoka tena. Mwezi wa pili wa 1990, siku ya Jumanne, Nasra alitoka shule saa nane akaenda moja kwa moja hospitali ya mkoa kuulizia. Alipofika kwenye korido, alimkuta Asmahani amekaa kwenye benchi, mlangoni kwa Dokta Eliudi, mkoba mapajani.

Moyo wa Nasra uligonga mpaka masikioni. "Dada! Unaumwa? Uvimbe umerudi?"

"Siumwi. Nimekuja kuuliza faili."

"Faili gani? Lako si lilifungwa?"

"Lako," alisema Asmahani.

Muuguzi mmoja alipita na beseni la vyombo. Nasra alikaa kwenye benchi.

"Kakwambia daktari?"

"Daktari hajaniambia neno. Kila nikija ananiambia hana ruhusa ya kuzungumza habari za mgonjwa mwingine, halafu ananitazama hivi, nami najua kwamba halijatoka. Najua tangu Madras, Nasra. Ulikuwa umeshuka kununua machungwa. Yule mzee akaja kitandani, akaweka kidole hapa, kwenye bandeji, halafu akaonyesha kiti chako. Mimi nikadhani anauliza uko wapi, nikamwonyesha mlangoni. Akatikisa kichwa. Akarudia: hapa, halafu kiti. Mara ya tatu ndiyo nikafahamu. Nikaanza kulia, naye akaona amefanya kosa, akaondoka."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

"Ulikuwa mgonjwa."

"Na baada ya hapo? Mwezi wa sita mpaka leo. Miezi minane nalala nimeweka sikio ukutani nisikie kama unapumua." Sauti yake ilipanda, na ile "r" iliyoharibika ikazidi kuharibika. "Nimekungojea useme. Nikasema labda hataki kupasuliwa, ameniona nilivyoteseka, nikimlazimisha ataona namtia kisu. Nikasema leo atasema, kesho atasema. Nimebeba ndoo mpaka mshono unauma, na wewe unanichekea!"

Nasra alijiona mjinga na akajiona mwepesi, vyote kwa pamoja. Akamwegemea dada yake, na Asmahani, ambaye bado alikuwa na hasira, akamfunika kichwa kwa upande wa buibui lake pale pale mbele ya watu.

"Naogopa," Nasra alisema ndani ya kitambaa.

"Hata mimi. Mimi naogopa zaidi. Safari yangu nilikuwa nimelala. Safari hii nitakuwa macho."

Dokta Eliudi alifungua mlango, akawaona wote wawili, akashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Ingieni wote. Mmenichosha."

Kuanzia siku hiyo waliliendea faili wawili. Asmahani hakuwa na haya ya Nasra. Alikaa kwenye ofisi za Dar es Salaam mpaka makarani wakamzoea, akiwashonea vifungo vilivyokatika huku akingoja. Idhini ilitoka mwezi wa saba. Ofisa aliyeandika majina alikataa Asmahani awe msindikizaji: hajui Kiingereza, na yeye mwenyewe ni mgonjwa wa moyo. Asmahani akasogeza shingo ya gauni kiasi cha vidole viwili, ncha ya kovu ikaonekana.

"Njia naijua mimi," alisema. "Utampata wapi mwingine anayeijua?"

Ofisa akaandika.

Upasuaji wa Nasra haukuwa mwepesi kama ule wa kwanza. Punje ya kunde ilikuwa imekua kufikia zabibu, na ilikuwa imeota mahali pabaya, karibu na mishipa inayoupa moyo mwendo wake. Moyo uliamka, ukapiga, ukapunguza, ukasimama kidogo, ukapiga tena. Siku mbili uliendeshwa kwa waya na kisanduku kilichofungwa kando ya kitanda, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzimika. Asmahani alisimama nyuma ya kioo cha chumba cha wagonjwa mahututi bila neno la kumuuliza mtu. Aliitazama ile taa tu. Ikichelewa, alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kama anayeendesha cherehani, na wauguzi wakadhani ana wazimu wa huzuni. Siku ya tatu Dokta Raghavan aliingia, akazima kisanduku kwa kidole, akangoja. Asmahani akangoja naye, paji la uso limegusa kioo. Mzee akainua mikono yake midogo, akapiga makofi ya polepole hewani, moja, mbili, moja, mbili, ili amwonyeshe kwamba unakwenda wenyewe.

Idarusi aliipata habari kwa simu, posta ya Tanga, baada ya kungoja laini tangu asubuhi. Laini ilikuwa na mvumo mkubwa na mkewe alipaza sauti mpaka watu wote waliokuwa foleni wakasikia: "Mzima! Wote wazima!" Kisha ikakatika.

Nasra alirudi shule muhula uliofuata. Waliandika barua Pemba, kwa ndugu za mama yao, kueleza mambo ya madoa na picha. Mjomba mmoja, Mbarouk, alijibu kwamba wao huko ni wazima na mambo ya kupasuana hawayataki. Waliandika tena. Binti yake ndiye aliyekuja mwishowe, peke yake, akapimwa, hakuwa na kitu.

Ila Dokta Raghavan alikuwa amewaambia kwamba kwenye koo kama yao uvimbe unaweza kuota tena, mahali pengine, baada ya mwaka au baada ya miaka kumi. Kwa hiyo kila mwaka, baada ya mvua za masika, walikwenda Dar es Salaam wakakaa kwenye korido moja ndefu, nambari zao mkononi. Wiki nzima kabla ya hapo hakuna aliyekula vizuri. Mwaka wa 1995 walikuwa wamepangwa wa nne na wa tano, na ilipofika zamu yao hakuna aliyeinuka.

"Tangulia," alisema Asmahani.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Mwaka jana nilitangulia mimi."

"Mwaka jana nilitangulia mimi, dada. Wewe ulikwenda msalani."

Mpiga picha akatoa kichwa mlangoni. "Nyie akina mama wa Tanga, mnaingia au nimwite mwingine?"

Nasra akainuka. Alilala kitandani, akapakwa ute wa baridi, akageuzia uso ukutani. Kifaa kilipita juu ya kovu, kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena. Mpiga picha akasogeza kiti karibu na mashine.

"Geukia kushoto," alisema.

Nasra akageuka. Alihesabu mapigo thelathini, arobaini, hamsini. Nje alisikia dada yake akikohoa kikohozi kisicho na kazi.

"Haya, vaa," mpiga picha alisema. "Uko safi. Mwite mwenzako."